Pilipili za Marehemu: Kweli au Uongo?

Jirani yangu wa hapa Tanga alipofariki, wanawe waligawana baiskeli, redio na vyombo. Mimi niliitwa baada ya arobaini, nikakabidhiwa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na mbegu za pilipili mbuzi ya manjano, ile aliyokuwa akiitia nzima kwenye mchuzi wa samaki, isipasuke, itoe harufu bila kuwasha. "Baba alisema wewe ndiye utakayeziotesha," kijana wake mkubwa akaniambia.

Habari zikaenea mtaani, na ushauri ukawa mwingi kuliko mbegu. Mwingine ulinifaa. Mwingine, lau ningeufuata, leo nisingekuwa na mche hata mmoja. Nimeyapanga hapa niliyoambiwa, na jibu la kila moja.

"Pilipili zetu za kienyeji ni mmea wa asili wa Afrika." UONGO.

Kichaa, mbuzi na hoho zote ni za jamii ya *Capsicum*, ambayo kwao ni bara la Amerika. Wenyeji wa huko walizilima kwa maelfu ya miaka kabla Columbus hajafika mwaka 1492; zilivuka bahari baadaye, Wareno wakiwa miongoni mwa waliozieneza. Kinachotuchanganya ni jina. Neno pilipili lina asili ya mashariki, na huko lilitaja pilipili manga. Mgeni alipofika akapewa jina la aliyemtangulia. Hata wataalamu walikosea: pilipili mbuzi huitwa *Capsicum chinense*, yaani "ya China", kwa sababu Nikolaus von Jacquin, aliyeipa jina hilo mwaka 1776, alidhani imetoka huko.

Basi ukienyeji wa pilipili ya jirani yangu haukuanzia ardhini. Ulitoka kwenye mkono wake, uliochagua tunda bora kila msimu na kulitunzia mbegu.

"Ukali wote uko kwenye mbegu." UONGO.

Kinachowasha ni kapsaisini, na hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu huwasha kwa kuwa zimeugusa utando huo. Kwa kipimo kilichobuniwa na Wilbur Scoville mwaka 1912, hoho tamu ina sifuri. Habanero, ndugu wa pilipili mbuzi, hufika kati ya 100,000 na 350,000. Kwa hiyo vaa glavu unapotoa mbegu. Ukisahau, usikimbilie maji: kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta. Jipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha osha kwa sabuni. Na usiguse macho.

"Ukipanda pilipili mbuzi karibu na hoho, hoho zitawasha." UONGO leo, KWELI kesho.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndipo mbegu za urithi zinapopotelea.

Nyama ya tunda ni mwili wa mama. Hata nyuki akileta chavua kutoka kwenye mmea mkali, hoho itakayokua itabaki tamu kama mama yake. Kilichobadilika kimejificha ndani ya mbegu. Ukiipanda mbegu hiyo msimu ujao, ndipo utakapoonja baba alikuwa nani, kwani kinasaba cha ukali hukitawala kile cha utamu. Hatari huwa kubwa zaidi kati ya mimea ya spishi moja: mbuzi ya manjano ikikaa karibu na mbuzi nyekundu, miaka michache baadaye huna hii wala ile.

Ua la pilipili linajitosheleza, lina sehemu za kiume na za kike. Kazi yako ni kumzuia nyuki tu. Chagua tawi lenye vichipukizi vya maua ambavyo havijafunguka, livishe mfuko mdogo wa chandarua, ulitikise taratibu kila siku. Matunda yakishaanza kujitunga, ondoa mfuko na ufunge uzi kwenye vikonyo vyake. Hayo yenye uzi ndiyo ya mbegu. Mengine yote peleka jikoni.

"Mbegu ya tunda lolote zuri itazaa tunda kama hilo." UONGO.

Ukinunua pilipili sokoni, huenda ni chotara. Mbegu za chotara zikipandwa, watoto hutawanyika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja mkali, mwingine hafifu. Mbegu ya asili iliyotunzwa bila kuchanganywa hurudia sura yake, na ndiyo maana inarithika.

"Mbegu za mtu aliyekwisha kufa zimekwisha pia." UONGO, kama alizikausha vizuri.

Mbegu ya pilipili iliyowekwa ovyo kwenye joto na unyevu hudhoofika haraka. Tunda liive kabisa, mbegu zikaushwe kivulini penye upepo, maana jua kali huua kiini. Zikishakauka hadi zivunjike badala ya kupinda, zitie kwenye chupa isiyopitisha hewa. Zikiwa mahali pakavu na baridi hudumu miaka kadhaa. Kwenye friza hudumu zaidi.

Kisa cha Pennsylvania, Marekani, kinalithibitisha hilo. Mchoraji mashuhuri Mweusi, Horace Pippin, aliyejeruhiwa bega la kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa akimwendea mfugaji nyuki H. Ralph Weaver ili aumwe na nyuki, akiamini sumu yao itatuliza maumivu. Alilipa kwa mbegu. Pippin alifariki mwaka 1946, na Weaver naye baadaye akafariki. Mjukuu wake, William Woys Weaver, alizikuta mbegu hizo kwenye friza la bibi yake, akazipanda, zikaota. Miongoni mwake ilikuwamo pilipili ya samaki, iliyopikwa na Wamarekani Weusi wa pande za Ghuba ya Chesapeake. Ikiwa changa huwa nyeupe kama maziwa, hivyo wapishi waliitia kwenye mchuzi mweupe wa samaki bila kuuharibu rangi.

Ukitaka kujua hali ya mbegu zako, funga kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali penye joto, subiri hadi wiki tatu. Zangu zilichipua sita.

"Ndege hula pilipili bila kuwashwa." KWELI.

Kapsaisini haiwaathiri ndege kama inavyotuathiri sisi na panya. Ndege humeza tunda na kuitoa mbegu ikiwa nzima, mbali na mama yake. Ndiyo maana pilipili kichaa huota chini ya miti ambako hakuna aliyeipanda.

"Mmea ukishazaa msimu mmoja, ung'oe." UONGO.

Penye joto kama pwani yetu, mpilipili huishi miaka kadhaa. Upunguze matawi, utie samadi, utazaa tena.

"Ukigawa mbegu za kumbukumbu, utazipoteza." UONGO.

Hili nililiamini mwenyewe, na kwa miezi miwili nililificha kopo. Kisha nikakumbuka kile kisa cha Marekani. Pippin alimpa Weaver. Mjukuu naye, mwaka 1995, akaitoa pilipili ya samaki kwa Seed Savers Exchange, jumuiya ya wahifadhi wa mbegu. Leo inauzwa na kampuni nyingi za mbegu. Ingebaki kwenye chupa moja, umeme ungekatika wiki moja tu tusingeisikia tena.

Zile mbuzi za manjano sasa ziko kwenye nyua nne za mtaa wetu, mmojawapo ukiwa wa kijana aliyenikabidhi kopo. Kama nawe kuna mtu aliyekuachia mbegu, usingoje hitima ya mwaka. Panda nusu mvua zijazo, nusu itunze, na matunda ya kwanza yakiiva mpelekee jirani mbegu, umtajie jina la aliyezilima.