Maradhi Yaliyohofiwa Kutoka Mwezini
Wanaanga watatu wa Apollo 11 waliporejea duniani tarehe 24 Julai, 1969, hawakuruhusiwa kuwakumbatia jamaa zao. Wataalamu walichelea kwamba huenda wamebeba viini vya maradhi ambayo mwili wa binadamu hauna kinga dhidi yake. Walitengwa hadi tarehe 10 Agosti, huku panya wakidungwa vumbi la Mwezi ili ionekane kama wangeugua. Hakuna kiini kilichopatikana; karantini ikakomeshwa baada ya Apollo 14, mwaka 1971. Hata hivyo, Desemba 1972, Harrison Schmitt wa Apollo 17 alivuta vumbi hilo chomboni, pua yake ikavimba na kuziba. Adui hakuwa kiumbe hai, bali chembe kali za mawe ambazo hazijapata kulainishwa na upepo wala maji.