Baba Eko ku Mine, Telefone Iko ku Nyumba



Katika miji yetu ya migodi, baba wengi wanafanya kazi kwa zamu ya siku nyingi. Wanapanda bisi kwenda Fungurume, Kolwezi ao Kambove. Nyumba ya Katuba, Kenya ao Ruashi inabaki na mama, ambaye naye anashinda sokoni. Mtoto anabaki na telefone. Baba mwenyewe ndiye aliyeiacha, ili jioni asikie sauti za watoto wake. Hilo ni jambo jema. Lakini telefone ile ile inayopitisha sauti ya baba inapitisha pia sauti za watu ambao baba hawajui.

Tuseme binti wa miaka 12 anapata ujumbe kwa WhatsApp: «Jambo mupenzi, miye kijana wa Likasi, unitumie foto.» Anatuma. Kesho anaombwa foto ingine, isiyo ya heshima. Kesho kutwa anaambiwa: «Ukikosa kunitumia franka kwa M-Pesa, nitaonyesha foto yako kwa kartie yote.» Mtoto huyo atakimbilia kwa nani?

KUFULI NNE ZA BURE

Wazazi wengi wanafikiri kuchunga telefone ni kazi ya watu waliosoma sana. Sivyo. Ziko kufuli ambazo kila mzazi anaweza kuzifunga, bila kulipa kitu. Telefone zetu nyingi zinaandika Kifaransa. Kwa hiyo nitaacha majina vile mtayaona kwenye kioo.

Ya kwanza ni ya Play Store. Gusa picha ndogo ya akaunti pale juu, ingia «Paramètres», kisha «Famille», kisha «Contrôle parental». Weka kode yako ya siri na uchague umri wa mtoto. Programu na michezo ya watu wazima hataweza tena kuichukua pale.

Ya pili inaitwa «DNS privé». Iko kwenye telefone za Android kuanzia Android 9 ya mwaka 2018. DNS ni kama kitabu cha namba: ukiandika jina la mahali fulani kwenye intaneti, hicho kitabu ndicho kinatafuta namba yake. Tangu 2020 kampuni ya Marekani inayoitwa Cloudflare inatoa kitabu ambamo mahali pengi pa picha za uchafu pameondolewa. Ingia «Paramètres», tafuta «DNS privé», na uandike: family.cloudflare-dns.com. Haihitaji kupakua kitu, kwa hiyo haimalizi mega zako. Angalia tu uandike bila kosa, kwa sababu herufi moja ikikosekana intaneti yote inasimama.

Ya tatu ni Family Link, programu ambayo Google ilitoa mwaka 2017. Hii inaunganisha telefone ya mzazi na ya mtoto. Unaona saa ngapi alizopitisha kwa kila programu, unaweka saa ya kulala, na akitaka programu mpya anakuomba ruhusa kwanza. Baba aliye Kolwezi anaweza kufanya hayo kwa mtoto aliye Lubumbashi, mradi telefone zote mbili ziwe na mega.

Ya nne iko ndani ya WhatsApp. Umri wa kuitumia ni kuanzia miaka 13. Wengi wetu tunasahau jambo hilo. Kwa yule aliyefikia umri, ingia «Confidentialité», kisha «Groupes», na uchague kwamba watu anaowajua tu ndio wanaweza kumuingiza katika kikundi.

KUFULI HAZIONI KILA KITU

Sasa tuseme ukweli. Ile kufuli ya DNS haisomi ujumbe ulio ndani ya WhatsApp. Yule «kijana wa Likasi» anapita tu. Video inayotoka telefone moja kwenda ingine kwa Bluetooth, ao kwa karti ya memoire, haipiti intaneti hata kidogo. Hakuna kufuli itakayoiona. Tena mtoto anaweza kuazima telefone ya jirani. Na vijana wakubwa wanajua VPN kuliko wazazi wao.

Kwa hiyo baba fulani atasema: «Basi nitaweka programu ya kumupeleleza, asijue.» Ndugu, usifanye hivyo. Siku atakapoigundua, na ataigundua, hatakuamini tena. Family Link yenyewe haijifichi. Mtoto anajua kwamba mzazi anamuchunga. Mwite mtoto, keti naye, mufunge hizo kufuli pamoja, na umueleze sababu.

Akiuliza: «Papa, munanichunga kama mwizi?», mjibu: «Hapana, mwanangu. Miye nachunga mlango, sikuchungi weye.» Na sheria ya nyumba iwe ya wote. Siku kuran inarudi usiku, telefone zote zichajiwe kwa meza ya salon, ya baba na ya mama pia. Isiwe mtoto tu ndiye anayeacha telefone yake pale.

SIKU MTOTO ATAKAPOSEMA

Turudi kwa yule binti wa miaka 12. Kwa nini ananyamaza? Kwa sababu anajua akisema atapigwa, telefone itanyanganywa, na kartie yote itajua. Yule mwovu naye anajua hivyo. Kimya cha mtoto ndicho kinamulisha.

Mtoto akikuletea ujumbe mbaya, neno la kwanza liwe: «Umefanya vizuri kuniambia.» Fimbo iache kabisa. Usifute ujumbe, piga picha ya kioo na uandike namba ya yule mtu, kisha mzuie. Usilipe hata franka moja, kwa sababu akipata mara moja ataomba tena. Peleka mambo hayo kwa polisi ao parke. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 ya kulinda mtoto inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inaadhibu wenye kutengeneza na kueneza picha za uchafu za watoto. Tena, tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, nchi yetu ina Code du numérique inayoadhibu makosa ya intaneti.

Ninyi vijana, kama jambo hili limekufikia, kosa kubwa ni la yule anayekutisha. Sema. Kama unaogopa baba, sema kwa mama, kwa shangazi, kwa mwalimu, kwa mtu mzima unayemwamini.

Nanyi baba mlio ku mine, mkipiga telefone jioni mnauliza: «Mumekula? Mumesoma?» Ni vizuri. Ongezeni na hili: «Leo nani alikuandikia? Kuko kitu kilikuogopesha?» Ulizeni bila ukali, kila siku, hata kama jibu ni «hakuna» kwa miezi mingi. Siku jibu litakapokuwa lingine, mtoto atakuwa amezoea kuwajibu. Na mkirudi likizo, ketini naye dakika kumi kwa zile kufuli nne.