Wanzuki: Sayansi ya Mvinyo wa Asali wa Tabora

Debe la asali iliyokomaa, likifungwa vizuri, hukaa miaka bila kuharibika. Chota kilo moja ya asali hiyo, ikoroge katika maji, na baada ya siku mbili tatu utaona povu likipanda, harufu ikigeuka na utamu ukipungua. Kilichoongezwa ni maji tu, lakini maji hayo yamewapa nafasi viumbe ambao asali ilikuwa imewazuia. Wapika wanzuki wa Tabora, kuanzia mitaa ya Kitete mjini hadi vijiji vya Sikonge na Urambo, wamerithi ujuzi huu vizazi kwa vizazi. Ujuzi huo una sababu zake, na anayezijua hutengeneza kinywaji safi, hukadiria nguvu yake kabla hajakionja, na huziepuka hatari ambazo mazoea peke yake hayazionyeshi.

Nchi ya miyombo

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, katikati ya misitu ya miyombo. Mitundu na miyombo huchanua kabla ya mvua kushika, na muba huchanua mvua zikielekea kuisha, hivyo nyuki hupata mbochi kwa miezi mingi ya mwaka. Warina asali hutengeneza mizinga ya magogo na ya magome, wakaitundika juu mitini. Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, walikuwa na asali yao kabla mgeni yeyote hajaandika habari zake, na walipokuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, tayari walikuwa na pombe za nafaka na za asali majumbani mwao.

Novemba 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara yaliyokuwa mahali pa Tabora ya leo. Wakati huohuo sababu za kuchacha zilikuwa zikichunguzwa Ulaya: miezi mitatu kabla, mjini Lille huko Ufaransa, Louis Pasteur alikuwa amesoma mbele ya wanasayansi wenzake ripoti juu ya kuchacha kwa maziwa. Alisema kuwa kuchacha ni kazi ya viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho, wala si kuoza kwa kawaida. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner aliisaga hamira, akaikamua, na akaona maji yake yanageuza sukari kuwa kileo hata pasipo chembe hai ndani yake. Kumbe kazi yenyewe hufanywa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya hamira. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907.

Asali inavyojilinda

Mbochi ukitoka kwenye ua ni majimaji mepesi, na sehemu kubwa yake ni maji. Nyuki huupitisha kutoka mdomo hadi mdomo, huupepea kwa mabawa ndani ya mzinga, na huziba vijumba vya sega kwa nta pale tu maji yanapobaki kama asilimia 18. Karibu asilimia 80 ya asali hiyo ni sukari, hasa fruktosi na glukosi. Chembe ya hamira au bakteria ikiangukia humo, sukari huyavuta maji kutoka ndani yake hadi inanyauka. Chumvi hufanya hivyohivyo kwa samaki wa kukausha. Tena asali ina asidi ya kutosha kuwasumbua bakteria wengi.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha asali hakiruhusu maji kuzidi asilimia 20. Asali changa, iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba vijumba, huweza kuchacha yenyewe ndani ya debe, kwa sababu kuna aina za hamira zinazostahimili sukari nyingi na zinazosubiri unyevu kidogo tu. Mpika wanzuki hufanya kwa makusudi kile ambacho mrina asali anakiogopa: huongeza maji mpaka sukari ishindwe kuwazuia viumbe hao.

Hamira yenye njaa

Sasa tunafika kwenye kitendawili cha mvinyo wa asali. Mtu angedhani kwamba sukari ikiwa nyingi, hamira itafanya kazi haraka. Lakini sukari huipa hamira nguvu tu. Ili ikue na kuzaliana, hamira inahitaji pia naitrojeni, madini na vitamini, kama mtoto asiyeweza kulelewa kwa uji mtupu. Hamira ya mvinyo huhitaji kama miligramu 150 za naitrojeni katika kila lita. Maji ya zabibu, kama zile za Dodoma zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, mara nyingi huwa na naitrojeni inayokaribia au kupita kiasi hicho. Asali iliyochanganywa na maji hubaki chini sana. Tena haina madini ya kutosha kuidhibiti asidi inayoongezeka hamira inapofanya kazi. Matokeo yake, mvinyo wa asali safi iliyochujwa huenda polepole, hukwama njiani, na wakati mwingine hutoa harufu ya yai viza, ambayo ni dalili ya hamira yenye njaa.

Wapika pombe wa asali wa Afrika Mashariki walilitatua tatizo hili kabla halijapewa jina. Badala ya kutumia asali iliyochujwa mpaka ikang'aa, wengi hutumia masega yaliyopondwa pamoja na chavua, na mara nyingine majana pia. Chavua ndicho chakula cha protini cha nyuki, na mara nyingi protini hufikia kama asilimia 20 ya uzito wake. Inapoingia katika chombo huipa hamira naitrojeni na madini ambayo asali haina. Makapi ambayo muuza asali huyatupa ili debe lake lipendeze sokoni ndiyo lishe ya wanzuki.

Hamira yenyewe hutoka wapi? Nyingine huja na masega, nyingine na hewa, lakini iliyo ya kutegemewa hukaa kwenye chombo. Kibuyu au mtungi uliotumika huhifadhi mashapo makavu yenye hamira ya mapishi yaliyopita, nayo huamka ikipata asali mpya. Wakikuyu wa Kenya hufanya hivyo kwa tunda la mvungunya wanapotengeneza muratina: tunda hukaushwa, nyuzi zake hubeba hamira, na hutumika tena na tena. Waethiopia hutia gesho katika tej yao, mmea unaoleta uchungu na kusaidia kuchacha. Wanaohifadhi hamira kwenye chombo au kwenye tunda huchagua hamira iliyothibitika, kama mkulima achaguavyo mbegu.

Hesabu ya kilo moja

Kilo moja ya asali ina kama gramu 800 za sukari. Ukiongeza maji mpaka mchanganyiko wote uwe lita 4, kila lita itakuwa na gramu 200. Kwa makadirio, gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya kileo. Hivyo hamira ikiila sukari yote, mvinyo utafikia karibu asilimia 12, sawa na mvinyo wa zabibu. Wanzuki inayonyweka baada ya siku chache haijafika huko: bado ina sukari, bado ina hamira hai, na nguvu yake hupanda kila siku. Pipa moja likinywewa Jumatano na tena Jumamosi hutoa vinywaji viwili vyenye nguvu tofauti. Mnywaji anayehesabu vikombe tu hawezi kujua amekunywa kiasi gani.

Nusu ya pili ya hesabu ni gesi. Sukari inapovunjika, karibu nusu ya uzito wake huondoka kama kabonidayoksaidi. Gramu 800 za sukari hutoa zaidi ya lita 200 za gesi hiyo. Anayeziba chupa ya kioo wakati mvinyo bado unachacha ametengeneza bomu, na vipande vya kioo vimeshajeruhi wengi. Njia salama ni kupitisha mrija mwembamba kwenye kifuniko na kuitumbukiza ncha yake katika kikombe cha maji. Gesi hutoka ikipiga mapovu, na hewa ya nje haipati njia ya kuingia. Mapovu yakikoma kabisa kwa majuma kadhaa na mashapo yakatulia chini, ndipo mvinyo huhamishiwa kwenye chombo kingine.

Kuizuia hewa kuna sababu kubwa. Bakteria wa siki huhitaji oksijeni, na kileo ndicho chakula chao. Inzi wadogo wanaozunguka matunda yaliyoiva huwabeba, kwa hiyo chombo kilicho wazi huishia kuwa siki. Joto nalo lina mipaka. Hamira nyingi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 28, na katika joto la Oktoba mpika ana haki ya kuweka chombo chake mahali penye kivuli na kukizungushia gunia lililoloweshwa maji. Joto likizidi, hamira hukimbia na kutoa vileo vizito vinavyoupa mvinyo ukali.

Usalama kabla ya ladha

Chombo ni suala la afya. Mvinyo wa asali una asidi, na asidi huyeyusha zinki ya mapipa ya bati, na risasi pia kama ipo katika bomba au rangi. Kinachofaa ni kioo, kibuyu, mtungi usiotiwa rangi, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Pipa lililobeba dawa za tumbaku halisafishiki kwa namna yoyote ya kuaminika.

Methanoli ni hofu nyingine. Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa nchini Kenya, Embu ikiwa miongoni mwa kaunti zilizopigwa vibaya, kwa kunywa pombe yenye methanoli. Vifo vya aina hiyo kwa kawaida hutokana na kileo cha viwandani kilichochanganywa katika pombe. Hamira hutoa methanoli kidogo kutokana na pektini ya matunda, na asali karibu haina pektini, kwa hiyo wanzuki iliyochacha vizuri haileti hatari hiyo. Hatari huingia pale mtu anapoongeza kitu kingine ili "ikolee", au anapoichemsha ili kunereka gongo. Kunereka bila leseni ni kosa kisheria, na kuuza pombe ya kienyeji kuna leseni yake.

Viambato navyo vichunguzwe. Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Uchunguzi ulionyesha kuwa unga wa mahindi uliotumika ulikuwa na bakteria wanaotoa sumu isiyoharibiwa na kuchemshwa. Unga ulioloa au nafaka iliyoota ukungu isiingizwe katika pombe yoyote. Na kileo chenyewe, hata kikiwa safi kabisa, ni miongoni mwa visababishi vya saratani. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kuwa hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Mama mjamzito asinywe kabisa.

Kinachostahili kufanywa

Kipimo kinachoonyesha uzito wa sukari katika mvinyo huitwa haidromita. Ni bomba la kioo linaloelea. Ukilitia siku ya kwanza na siku ya mwisho, tofauti ya alama za siku hizo mbili inakupa nguvu ya kileo. Hakihitaji umeme wala maabara. Mpika wanzuki mwenye kipimo hicho na kipimajoto anaweza kuandika kwenye chupa asilimia ya kileo, akapika mapishi yanayofanana mwezi hadi mwezi, na akaomba bei inayolingana na kazi yake badala ya bei ya kikombe.

Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki, ina warina asali wenye ujuzi, na ina wapika pombe ambao tayari wanajua kuilisha hamira kwa chavua. Mafunzo ya siku chache yanayowaleta hawa pamoja yangeokoa afya za watu na kuongeza kipato cha kaya. Lakini yote hayo yanasimama juu ya mti. Tumbaku ya Urambo na kwingineko hukaushwa kwa kuni, na kila mtundu unaoangushwa kwa ajili ya bani la kukaushia huondoa maua ambayo nyuki wangeyatembelea kwa miaka mingi. Anayetaka mvinyo wa asali uwe bidhaa ya Tabora aanze kwa kuutetea msitu, kisha anunue haidromita.