Dirisha Lisilotosha Katika Skrini



Umejaza fomu ya kuomba kazi katika kompyuta, lakini kitufe cha "Tuma" hukioni. Dirisha limezidi skrini. Kwa nini?

Picha ya skrini ni nukta nyingi. Zikipangwa chache, kama 800 kwa 600, vitu huwa vikubwa, havienei. Milima ya Uluguru nayo, ukiwa chini yake Morogoro mjini, huioni yote. Ukienda mbali waiona, lakini midogo.

Basi, katika Windows, bonyeza upande wa kulia wa kipanya mahali patupu, fungua mipangilio ya skrini, chagua nukta nyingi zaidi. Utapewa sekunde 15 za kukubali. Ukinyamaza, hali ya kwanza hurudi. Usiogope kujaribu.

Sasa andika: nukta, skrini, kipanya. Kwaheri.