Ndevu, maski na wembe wa kukunja



Siku moja, mbele ya posti ya asubuhi, nilikuwa naelezea wenzangu juu ya maski za vumbi. Niliwaambia: mutu akiwa na ndevu, maski haimusaidii. Kijana mumoja wa kutoboa mawe akaniuliza mbele ya wote: «Delege, uko natuambia tunyoe ndevu. Na zako je?»

Watu walicheka sana. Kweli, nilikuwa na ndevu, lakini sikuzifuga kwa ajili ya uzuri. Kila mara niliponyoa na wembe wa plastiki, shingo ilijaa vipele, vingine na usaha. Yule kijana akafungua kola ya shati: shingo yake ilikuwa vile vile. Sikuwa na jibu. Njo vile nilianza kujifunza wembe wa kukunja, ule wa wazee.

Tuanze na maski. Vumbi ya mawe iko na silisi, na ile inayoharibu mapafu ni ndogo sana, macho haiioni. Ugonjwa wake, silikozi, hauna dawa ya kuuponyesha. Maski ya kaucho inakinga kama imebanana na ngozi pande zote. Ndevu, hata za siku mbili tu, zinaacha njia, na hewa inapita mu njia ile rahisi, haipiti tena mu kichujio. Musharubu mufupi hauna neno, kama haufiki pale kaucho inagusa.

Na vipele vinatoka wapi? Nywele zetu zimejikunja. Wembe wa plastiki wenye nyembe mbili au tatu unavuta unywele na kuukata chini ya ngozi. Unywele ukiota tena, ncha yake inachoma ngozi kutoka ndani. Wembe wa kukunja uko na makali moja tu, unakata juu ya ngozi. Hausaidii watu wote, lakini wengi unawapunguzia.

Aliyenifundisha ni muzee mumoja kwafere wa soko. Juma la kwanza alinikataza kugusa uso. Ilikuwa mukanda wa ngozi tu. Unalaza wembe chali juu ya mukanda, unausukuma na mugongo mbele, makali inafuata nyuma. Mwisho wa mukanda, unaugeuza juu ya mugongo wake, hapana juu ya makali, kisha unarudi. Mara 20 ao 30 mbele ya kila kunyoa. Siku ya kwanza niligeuza vibaya, nikakata mukanda wake. Akasema: «Afazali mukanda kuliko shavu.»

Juma la pili, uso. Osha na maji ya moto, acha kitambaa cha moto juu ya ndevu dakika mbili ao tatu, zilegee. Paka sabuni nzito. Gusa ndevu na vidole, ujue zinaota kuelekea wapi: ku mashavu kwa kawaida zinashuka, lakini ku shingo zinaweza kuenda upande. Fuata njia yao. Mwanafunzi asinyoe kinyume. Vuta ngozi na mukono mwingine. Inamisha wembe digri 30, ni kusema theluthi ya kona ya meza. Ukiulaza zaidi, unavuta ndevu. Ukiuinua zaidi, unakata nyama. Mikato mifupi, bila nguvu. Wembe usitelezeshwe upande kama kisu ju ya mukate: njo vile mutu anajipasua.

Anza na mashavu tu. Kidevu na shingo, maliza na wembe wako wa zamani, mupaka mukono uzoee. Mimi sikusikia. Siku ya nane niliharakisha juu ya gari la kazi lilikuwa karibu kufika. Bibi yangu aliona damu ku taulo, akauliza: «Papa, uko nataka kujichinja?» Ile siku nilivaa maski juu ya kidonda, na jasho ya chini ikanifundisha adabu. Basi, jifunzie siku ya mapumziko, hapana mbele ya posti. Na wembe ukianguka, uache uanguke. Usiudake.

Sasa mama, sikilizeni hii. Wembe ni wa mutu mumoja. Baba na mutoto wake hawautumii pamoja, wandugu hawaazimani. Virusi ya epatiti B inaweza kukaa siku 7 nje ya mwili na bado kuambukiza. Ku kwafere, muone kwa macho yenu akiweka wembe mupya. Ukimaliza, osha wako, ukaushe vizuri, uuweke mbali na watoto.

Ku upande wa sendika, kazi haijaisha. Kumwambia mutu anyoe bila kumupa maji ya moto mu chumba cha kubadilishia nguo, ni maneno tu. Maski inapaswa kuwa na vipimo mbalimbali, kwa sababu nyuso hazifanani. Na yule ambaye ngozi yake inakataa wembe kabisa, iko kofia inayopuliziwa hewa safi, haihitaji kubanana na uso. Tuiombe bila haya.

Yule kijana alikuja nyumbani kwangu siku ya mungu moja na wembe wake mwenyewe. Tumeanza na mukanda.

Kesho, mbele ya kushuka, fanya hivi: vaa maski, funika vichujio na viganja, vuta hewa polepole. Maski inapaswa kujibana ku uso na kubaki vile. Ukisikia hewa inaingia pembeni, rekebisha mikanda, jaribu tena. Ikivuja bado, usishuke. Mwambie shefu wa posti, kisha mwambie delege wako.