Fundi Mwema Hutazama Kwanza
Kompyuta kuukuu yaweza kutuonyesha umeme unavyokwenda

Umeme ni kitu cha ajabu. Twauona ukiwasha taa, twausikia ukiimba redioni, na aliyeugusa ovyo aujua uchungu wake. Lakini umeme wenyewe, ndani ya waya, ni nani aliyeuona? Waya wenye umeme na waya mtupu ni sawasawa machoni pa mtu. Ndiyo sababu mafundi wengi wa redio hufanya kazi kwa kubahatisha. Hubadili kifaa hiki, hubadili kile, na gharama ya kila kilichobadiliwa humwangukia mwenye redio.

Leo nataka kuwaelezeni njia ya kuutazama umeme ndani ya redio kwa kutumia kompyuta kuukuu. Wenye vijana wanaojifunza ufundi wawape gazeti hili walisome.

ZAMANI HUKO SHANGANI

Msidhani kwamba jambo hili ni geni kwa kisiwa cha Unguja. Ukifika Mji Mkongwe, ukapita Shangani karibu na bahari, utaiona hoteli kubwa iitwayo Serena. Jengo lile zamani lilikuwa nyumba ya simu za ng'ambo. Lakini habari zenyewe zilianza kabla yake. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea kusini hata Msumbiji na Durban.

Umeme uliosafiri mamia ya maili baharini hufika umechoka. Hauna nguvu hata ya kugonga kengele. Basi William Thomson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alikuwa amekwisha kubuni dawa yake mwaka 1867. Chombo chake kilikuwa na mrija mwembamba wa kioo uliotoa wino. Umeme ulipofika, mrija uliyumba huku na huku, na chini yake karatasi ilipita polepole. Wino ukachora mstari wenye mawimbi, na karani akasoma habari katika mawimbi hayo. Vyombo vya namna hiyo vilienea katika vituo vya simu za baharini ulimwenguni.

Angalieni jambo hili: karani yule hakubahatisha. Alisoma kile alichokiona.

OSILOSKOPU NI KITU GANI?

Mwaka 1897, huko Strasbourg, mtaalamu Karl Ferdinand Braun alitengeneza chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mshale mwembamba wa umeme ulipiga kioo na kukifanya king'ae, na mtu aliweza kuuyumbisha mshale ule apendavyo. Kutoka chupa hiyo vikazaliwa vyombo viwili: televisheni ya zamani, na chombo cha mafundi kiitwacho osiloskopu.

Osiloskopu huchora picha ya umeme. Kutoka kushoto kwenda kulia ni mwendo wa wakati. Kwenda juu na chini ni nguvu ya umeme. Fikiri mawimbi ya bahari yanayopiga ukuta wa Forodhani. Ukiyatazama wajua mambo mawili: mawimbi ni makubwa kiasi gani, na yanakuja mangapi kwa muda fulani. Osiloskopu hutwambia mambo hayohayo juu ya umeme.

Nguvu hiyo hupimwa kwa volti. Neno hilo latokana na jina la Alessandro Volta, mtaalamu wa Italia, Mkatoliki aliyeikiri imani yake kwa maandishi pasipo aibu. Elimu yake haikumwondoa kanisani.

Osiloskopu nzuri ina bei kubwa, tena humzidi fundi wa kijijini. Hapo ndipo kompyuta kuukuu inapotufaa.

KOMPYUTA INA MASIKIO

Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani kuna matundu madogo yenye rangi. La kijani hutoa sauti. La waridi ni la maikrofoni. La bluu ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine, na hilo ndilo tunalolitaka, kwani la maikrofoni huzidiwa upesi na umeme mdogo tu.

Sauti inayoingia katika tundu la bluu si kitu kingine ila umeme unaoyumba. Kompyuta huupima umeme huo mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kama namba. Programu huziunganisha namba hizo zikawa mstari kiooni. Zipo programu za bure. Mojawapo ni Audacity, ambayo watu wengi huijua kwa kurekodi nyimbo. Kwenye Linux iko xoscope, iliyotengenezwa hasa kwa kazi hii.

Lakini usiunganishe waya hivihivi. Tundu lile halipendi zaidi ya volti moja au kupita kidogo. Tia mlango wa ulinzi. Chukua rezista mbili, moja ya omu 100,000 na nyingine ya omu 10,000. Umeme unaotoka redioni upite kwanza katika ile kubwa. Ile ndogo iunge kati ya waya unaokwenda kompyuta na waya wa ardhi. Hapo umeme hupunguzwa mara 11: volti tano na nusu redioni huwa nusu volti kwenye kompyuta. Kisha sambamba na rezista ndogo weka daiodi mbili za kawaida, kila moja ikielekea upande wake. Umeme ukizidi kama sita ya kumi ya volti, daiodi huumeza usipite. Vifaa vyote hivi vyapatikana hata katika redio zilizokufa.

JARIBIO LA KWANZA

Kabla ya kugusa redio yoyote, jaribu jambo hili lisilo na hatari. Chukua kipande kidogo cha paneli ya jua, kama kile cha kikokotoo kibovu. Kiungie nyaya mbili kwa lehemu, na nyaya hizo zifike kwenye plagi ya tundu la bluu. Kielekeze kwenye jua: mstari kiooni hutulia. Sasa kielekeze kwenye globu ya zamani yenye uzi, inayowaka kwa umeme wa nyumbani. Mawimbi yatatokea! Yahesabu, utayapata 100 kila sekunde.

Kwa nini 100? Umeme wetu, Unguja na Tanzania Bara, huyumba mara 50 kila sekunde. Kila wimbi lina kilima na bonde, na globu hung'aa zaidi katika kilima na katika bonde vilevile. Macho yetu hayaoni kupepesa huko, lakini kompyuta yaona. Mtoto wa shule akiona jambo hili mara moja, halisahau.

JINSI YA KUMPATA MGONJWA

Haya, tuje kwenye redio. Chukua redio ndogo ya betri, inayowaka lakini haisemi. Ndani yake sauti husafiri kama maji katika mfereji: hutoka sehemu inayopokea kituo, hupita kwenye kitufe cha kuongeza sauti, huingia kwenye kikuza sauti, kisha kwenye kapasita, na mwisho kwenye spika.

Gusa kwanza kwenye kitufe cha sauti kwa ncha ya waya wako. Mawimbi yanacheza kiooni? Basi mpaka hapo redio ni nzima. Gusa mahali kikuza sauti kinapotolea. Mawimbi yapo, tena makubwa? Nacho ni kizima. Gusa kwenye spika. Mstari umelala? Umemkamata mwizi: ni kapasita, au waya uliokatika kati ya hapo na hapa. Utabadili kifaa kimoja, nacho ni kile kilichokufa.

Mawimbi yakiwa yamekatwa vichwa, yaani vilima vyake ni bapa, jua kwamba kikuza sauti kimezidiwa au betri zimechoka. Ndiyo sababu sauti hukwaruza. Sikio lilisikia ubaya tu, lakini jicho limeona sababu.

MIPAKA YAKE

Kompyuta si osiloskopu kamili, na fundi mwongo tu ndiye atakayesema hivyo. Kwanza, haionyeshi umeme uliotulia kama wa betri, kwani kwenye tundu kuna kapasita inayouzuia. Kwa betri tumia mita. Pili, haioni mawimbi ya mbio sana. Chombo kinachopima mara 44,100 kwa sekunde hakiwezi kuona mawimbi yanayozidi nusu ya hesabu hiyo, yaani 22,050. Redio za FM huyumba zaidi ya mara milioni 88 kwa sekunde. Hayo kompyuta haiyaoni kamwe. Ionayo ni sauti tu.

HATARI YA KUFA

Hapa, ndugu msomaji, soma mara mbili. Usiunganishe kompyuta na umeme wa ukutani. Wala usiiunganishe na ndani ya televisheni, chaja, au chombo chochote kilichochomekwa ukutani. Umeme wa volti 230 hufika volti 325 katika kilele cha wimbi lake, na ndani ya televisheni na chaja nguvu hiyo huhifadhiwa kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi. Rezista zetu mbili hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tena kuna hatari iliyojificha. Waya wa ardhi wa plagi yako umeungana na bati la kompyuta. Katika televisheni nyingi, sehemu ya umeme mkubwa haina ardhi salama. Ukiziunganisha, kompyuta yaweza kulipuka. Ikiwa ni kompyuta ya mkononi isiyochomekwa, haitalipuka pengine, lakini vyuma vyake vitakuwa na umeme, na mkono wako uko juu yake. Redio moja haina thamani ya baba wa watoto. Kazi yetu hii ni ya vyombo vya betri tu.

KWA NINI YATUHUSU?

Wengine watasema, "Mambo haya ni ya wasomi wa mjini." Sivyo. Watu wa Unguja hawajasahau miezi ile mitatu, tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, walipokaa gizani kwa sababu njia ya umeme kutoka Bara iliharibika. Mwenye redio ya betri alisikia habari. Mwenye taa ya jua aliona. Na vyombo hivyo vikiharibika, hutengenezwa na nani?

Huko kaskazini ya Unguja, upande wa Kinyasini, chuo cha Barefoot hufundisha akina mama wa vijijini kuunda na kutengeneza taa za jua. Wengi wao hawakusoma sana shuleni. Hata hivyo hushika chuma cha lehemu, huunga rezista na kapasita mahali pake, na hurudi vijijini kwao wakiwa mafundi. Ikiwa mama wa makamo aweza, kijana wako aliyemaliza darasa la saba ashindwe na nini? Wala msiwaache nyuma mabinti. Atakayependa kuendelea zaidi, Mbweni iko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, na Bara viko vyuo vya ufundi.

Mwisho, liko jambo lililo kubwa kuliko waya na rezista. Amri ya saba yasema usiibe. Fundi anayebadili vifaa vitatu vizima ili akipate kimoja kibovu, kisha akadai fedha za vyote vinne, amechukua haki ya mwenzake, hata kama hakukusudia. Mjane aliyeuza kuku ili redio yake iseme tena hana njia ya kujua. Amekuamini. Daktari mwema hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima, na fundi mwema hatii mkono kabla ya kutazama.

Waswahili husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe kijana fundi, inama kidogo, jifunze kutazama. Kazi yako itakuwa safi, jina lako litakuwa jema, na mwenye redio ataondoka akiisikiliza njiani, na masazo ya fedha zake mfukoni.