MASHINE IPO, MASKI HAIKAI: Mjomba wangu na usingizi wa kukabwa

Najua nimekuwa kimya kidogo, umeme huku mlimani ulikuwa unacheza. Leo naomba siasa ikae pembeni. Naandika kuhusu mjomba wangu, dereva wa Fuso, ambaye nusura alale moja kwa moja kwenye usukani kati ya Same na Hedaru. Saa nane mchana, jua linawaka, wala hakuwa amegusa hata bia moja. Alishtuka tairi la kushoto likiwa tayari nje ya lami.

Kwa wasiopajua kwetu, Ugweno ni juu kabisa Upare ya Kaskazini, wilaya ya Mwanga. Mjomba anashusha ndizi kwenda Dar. Nyumbani wote tulijua anakoroma na tulikuwa tunacheka tu, watoto wanasema anapandisha Fuso mlima usiku kucha. Kumbe tulikuwa tunasikiliza sehemu isiyo yenyewe. Kilichotakiwa kututisha ni ule UKIMYA katikati ya kukoroma.

NI UGONJWA GANI HUU?

Ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa baadhi ya watu inalegea mpaka njia ya hewa inajifunga. Pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kidogo tu. Anavuta hewa kwa kishindo, anaendelea kulala, asubuhi hakumbuki chochote. Wazee wetu husema kakabwa na jinamizi. Hospitali wanaita apnea ya usingizi.

Wanaipima kwa kuhesabu. Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Mjomba alipimwa Dar akakutwa na zaidi ya 40. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu kila dakika moja na nusu anaamshwa. Mtu kama huyo asubuhi anaingia barabarani na tani za ndizi! Na si usingizi tu, ugonjwa huu unakwenda pamoja na presha na matatizo ya moyo.

Tiba yake kubwa ni mashine inayosukuma hewa kupitia maski ili koo lisijifunge. Inaitwa CPAP, wengi wanatamka sipapu. Aliyeanzisha ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, mwaka 1980, na mwaka 1981 akachapisha matokeo ya wagonjwa wake 5 wa kwanza. Enzi hizo maski ilitengenezwa kwa kupima pua ya kila mgonjwa, na kila usiku inagandishwa usoni kwa gundi. Kwa hiyo kero ya maski imezaliwa siku moja na tiba yenyewe.

MASHINE IKAFIKA, IKALALA UVUNGUNI

Ndugu yetu aliyeko nje alituma mashine iliyokwishatumika. Daktari akaiseti presha ya mjomba, tukafurahi. Wiki ya tatu naingia chumbani kwake kutafuta chaja, naikuta uvunguni imefunikwa na gunia.

"Mjomba," akaniambia (na yeye ananiita mjomba vilevile), "hiyo kitu inanipulizia machoni kama nimekaa juu ya keria ya basi. Nikikaza mikanda, inanichana pua."

Kweli, juu ya pua palikuwa na kidonda. Halafu nikaona kitu kikanitoa jasho. Pale mbele ya maski kuna vitundu vidogo vidogo, alikuwa ameviziba kwa gundi ya karatasi. Yeye ni dereva, akisikia hewa inatoka anajua ni pancha!

Wadau, hapa tusikilizane vizuri. VILE VITUNDU SI PANCHA. Ndipo hewa chafu unayoitoa inapopitia. Ukiviziba unavuta tena hewa yako mwenyewe. Vilevile kuna maski za hospitalini zisizo na vitundu, hizo ni za mashine nyingine. Usichukue maski yoyote tu ukaunganisha nyumbani.

AINA TATU ZA MASKI

1. Ya pua. Inafunika pua peke yake. Inawafaa wengi, lakini lazima ufunge mdomo usingizini.

2. Ya vijito vya puani. Haifuniki kitu, vijito viwili laini vinakaa kwenye mlango wa tundu za pua. Nyepesi, haigusi juu ya pua, nzuri kwa wenye masharubu na wanaojisikia kubanwa. Presha ikiwa kubwa sana inaweza kukausha pua.

3. Ya pua na mdomo. Kwa wanaohemea mdomo au pua zinazoziba. Ni kubwa na ina sehemu nyingi za kuvujisha, ndevu nazo zinaisumbua.

Mjomba alipewa ya pua, saizi ndogo, kwa sababu ndiyo iliyokuja na mzigo. Wakati huo alikuwa anaamka mdomo umekauka kama amelamba vumbi la Mwanga. Maana yake hewa iliingia puani ikatokea mdomoni, koo likabaki vilevile. Tulirudi kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akampa dawa ya kupuliza puani, akasema ajaribu ile ya pua na mdomo.

KUPIMA SAIZI: KAZI YA CAFE

Hapa ndipo ninyi wa kwenye mashine za cafe mnaweza kusaidia wazazi wenu. Watengenezaji wanaweka kwenye tovuti zao karatasi ya kupimia, unaichapa, unaiweka usoni, unasoma saizi. Nilishuka Mwanga mjini nikachapa, nikapanda nayo, mjomba akatoka "kubwa". Bahati nzuri ile karatasi ina rula pembeni. Nikaweka rula yangu ya shule, sentimita 10 za karatasi hazikufika 10 za kweli! Printa ilikuwa imepunguza ukurasa. Nikashuka tena (nauli yangu hiyo, teh teh), nikachagua asilimia 100, akatoka "kati". Kama ningemtumia ndugu ujumbe siku ile ya kwanza, ingekuja maski nyingine ya uvunguni.

KUIVAA

- Ijaribu ukiwa UMELALA, mashine ikiwa inapuliza. Uso wa mtu aliyekaa si uso wa aliyelala.
- Legeza mikanda yote kwanza. Weka maski, ivute mbele kidogo mto wake ujae hewa, irudishe taratibu, ndipo ukaze kidogo kidogo pande zote sawa.
- Ikivuja usikimbilie kukaza. Kukaza sana kunakunja mto wake na kuzidisha kuvuja. Ikibidi uumie ndipo izibe, saizi au aina si yako.
- Ivae mchana nusu saa ukisikiliza redio, ili uso uizoee. Mashine nyingi zina sehemu ya kuanza na presha ndogo ikapanda polepole, iwashe.
- Osha mto wa maski kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Mafuta ya uso yanaufanya uteleze na kuvuja. Usitumie spiriti wala dawa ya madoa.

Kwa sisi wa baridi kuna lingine. Mwezi wa 6 na wa 7 Ugweno usiku ni kanzu juu ya sweta. Hewa yenye unyevu inapita kwenye bomba la baridi, inageuka maji, yanakudondokea puani. Mjomba alidhani mashine imeharibika. Tukapitisha bomba chini ya blanketi, kwisha. Kama mashine yako ina kibakuli cha maji, tumia maji yaliyokenekwa. USIMWAGE "maji ya betri" ya dukani bila kujua ni nini, mengine ni asidi!

MITUMBA, ANGALIENI

Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya ndani inaweza kuoza na mgonjwa akavuta vipande au gesi yake. Hivyo mashine ya mtumba ikija, chukua namba yake uiangalie kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kuiwasha. Mwaka 2022 wakatoa onyo jingine kuhusu sumaku za kufungia mikanda kwenye baadhi ya maski. Mwenye kifaa cha moyo kifuani, au anayelala kitanda kimoja na mtu wa namna hiyo, atafute maski isiyo na sumaku. Na presha ya mwenzako si presha yako, lazima daktari aibadilishe.

AMEPONA?

Hapana, na sitawadanganya. Akiivua ugonjwa uko palepale. Zipo siku umeme unakatika saa saba usiku na anaamka kachoka, siku hiyo hashiki usukani. Tulikubaliana hivyo nyumbani na mwenye gari anajua. Lakini sasa anavaa saa tano sita kwa usiku, kidonda cha pua kimepona, na safari za mchana hasinzii tena.

Mke wa mjomba ananiambia mwanzoni ule ukimya mpya ulimtisha zaidi kuliko kelele. Alikuwa anaamka anapeleka kiganja mbele ya vile vitundu, akisikia hewa inatoka anageuka ukuta analala.

Kwa hiyo mwenye mzazi anayekoroma halafu ananyamaza halafu anashtuka, muda uhesabuni usiku huu, mpelekeni akapimwe. Si kila anayekoroma anao, kipimo ndicho kitasema. Na mwenye mashine uvunguni, kabla hujasema haifai, angalia saizi ya maski.

Wenye uzoefu, hasa waliopata maski hapa hapa Bongo, tupeni maoni hapo chini. Nawasilisha.